Marehemu Robert Wangila, Bingwa wa Makonde

Hapa kwetu Garsen, kando ya Mto Tana, kila jioni baada ya michezo hazikosi kelele za ubishi. Eti karate na taekwondo ndizo sanaa halisi za kujihami, lakini ndondi ni mchezo tu wa kutafuta pointi. Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo, mpaka niliposoma maisha ya marehemu Robert Wangila. Hebu nikusimulie.

Robert Napunyi Wangila alizaliwa Nairobi mwaka wa 1967. Mwaka wa 1987, Michezo ya Afrika ilipofanyika mjini humo humo, alinyakua dhahabu ya ndondi katika uzani wa welta. Mwaka uliofuata akaenda Olimpiki ya Seoul, Korea Kusini. Katika fainali alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani. Raundi ya pili haikufika mbali, Mfaransa akawa chali! Mpaka leo hakuna Mkenya mwingine aliyeleta nyumbani dhahabu ya Olimpiki kwa ndondi.

Sasa sikia kioja. Katika Olimpiki hiyo hiyo, taekwondo ilikuwa ya maonyesho tu. Iliingizwa rasmi Sydney mwaka wa 2000, nayo karate ikapata nafasi Tokyo mwaka wa 2021. Zote zina waamuzi, pointi na muda. Kama sheria ndizo zinazoharibu sanaa, basi zote zimeharibika! Isitoshe, Boudouani alikuwa amefika fainali, na bado konde lilimpata. Kwa hiyo nimekubali: ndondi ni sanaa halisi.

Lakini je, inatosha kujihami? Hapo ndipo kisa kinaponitia huzuni. Mwaka wa 1989 Wangila aliingia ndondi za kulipwa. Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, Marekani, alipambana na David Gonzalez. Alipigwa sana, na katika raundi ya tisa refa akasimamisha pigano. Wangila aliteta, akitaka kuendelea. Kumbe mambo yalikuwa yameshaharibika! Akiwa katika chumba cha kubadilishia nguo alipoteza fahamu, asiamke tena. Alifariki tarehe 24, akiwa na miaka 26 tu.

Kusema kweli, nilishtuka. Muhula huo nilikuwa nimepatana na kijana mmoja tukutane nyuma ya bweni tuonyeshane nani mwanamume. Nikawaza: bingwa wa Olimpiki, mwenye glavu na refa, ameuawa na ngumi. Sisi huko nyuma ya bweni nani angetupigia kengele? Nikamwendea yule kijana, nikamwambia sipigani. Wenzangu walinicheka wiki nzima.

Babu yangu ni mvuvi, na kafi lake analijua vizuri. Lakini kabla ya kunifunza kumpiga mamba, alinifunza mahali pa kutooga. Huko ndiko kujihami kwenyewe, na hakuna medali yake. Wahenga hawakukosea: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Mola amlaze Wangila mahali pema. Nawe msomaji, jifunze ndondi ukipenda, lakini refa akisema basi, ni basi.