Georges Méliès: Mtoto wa Fundi Viatu Aliyeifundisha Picha Kuyeyuka

Ukitokea Sumbawanga ukaja chuo, kuna utani huwezi kuukwepa. Ukishataja kwenu tu, jamaa wa hosteli wanaanza: huyu msimuudhi, atawatupia radi. Tumezoea. Wazee wetu wanalieleza jina la mji wenyewe kwa Kifipa kuwa ni agizo, tupa uchawi. Yaani mji unaokuambia mambo hayo uyaache mlangoni ndio unaosingiziwa kuyafuga!

Mimi kiinimacho ninachokijua ni kimoja, kuhariri video. Bumu likichelewa, ninaishi kwa sendofu, kipaimara na mahafali. Na kila nikikokota transisheni kati ya klipu mbili, au nikiweka ovalei ya picha juu ya picha, najua natumia mali ya mtu. Mtu huyo alikuwa Mfaransa, mtoto wa kiwanda cha viatu, na maisha yake nadhani kila mwenye CapCut kwenye simu anastahili kuyajua.

Georges Méliès alizaliwa Paris tarehe 8 Desemba 1861. Baba yake alianza kama fundi viatu, akafanikiwa mpaka akamiliki kiwanda. Kijana alitaka kusomea uchoraji, mzee akakataa katakata. Hadithi hiyo wengi wetu tunaifahamu: wewe unataka sanaa, nyumbani wanataka ualimu au uhasibu. Mwaka 1884 alipelekwa London kujifunza Kiingereza na kazi, lakini jioni zake zikaishia kwenye ukumbi wa mazingaombwe wa Egyptian Hall. Aliporudi aliwekwa kiwandani kusimamia mashine. Huko ndiko alikojifunza gia, mikanda na vyuma, elimu ambayo baadaye ilimsaidia kuliko alivyotarajia.

Mwaka 1888 baba alipostaafu, Méliès aliwauzia ndugu zake sehemu yake ya kiwanda, na kwa fedha hiyo akanunua Théâtre Robert-Houdin, jumba la mazingaombwe. Tarehe 28 Desemba 1895 alikuwa mmoja wa waalikwa walioona akina Lumière wakionyesha picha zinazotembea. Hapo hapo akataka kununua mashine. Wakamkatalia. Basi akaenda kununua projekta kwa Robert Paul wa London, akaichunguza, akaigeuza, akajiundia kamera yake.

Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba siku moja alikuwa akipiga picha mtaani mbele ya jumba la Opera, kamera ikakwama kwa muda kidogo, kisha ikaendelea. Aliposafisha filamu na kuitazama, basi la farasi likageuka ghafla kuwa gari la maiti. Magari yalikuwa yamepishana wakati kamera imesimama. Mwaka huohuo wa 1896 akamkalisha mwigizaji Jehanne d'Alcy kwenye kiti, akasimamisha kamera, mama akaondoka, kamera ikaendelea. Watazamaji wakaona mtu ametoweka. Leo sisi tunakata klipu mbili na kuziunganisha, kazi ya sekunde tatu.

Mwaka 1897 alijenga studio ya vioo huko Montreuil, nje kidogo ya Paris, ili jua liingie. Humo ndimo transisheni na ovalei tunazozijua zilipopikwa. Tuchukue ile ya picha kuyeyuka na kuwa nyingine, aliyoitumia mwaka 1899 kuunganisha matukio ya filamu yake ya Cendrillon. Hakukuwa na kitufe. Mwishoni mwa tukio la kwanza unalifunga taratibu tundu la lenzi mpaka giza. Unairudisha filamu nyuma ndani ya kamera, ukihesabu mizunguko ya mkono. Mapambo yanabadilishwa, waigizaji wanabadili nguo. Kisha unalifungua tundu taratibu, juu ya kipande kilekile cha filamu. Picha moja inazimika huku nyingine ikiwaka juu yake. Ukikosea hesabu, kazi yote imekwenda.

Ovalei ilikuwa ngumu zaidi. Siri yake ilikuwa weusi, kwa kuwa sehemu nyeusi ya filamu haijapokea mwanga, na hivyo inaweza kupigwa picha tena. Mwaka 1898 alijionyesha akijing'oa kichwa na kukiweka mezani, kingine kikiota, mpaka vichwa vikaimba pamoja. Mwaka 1900 akatengeneza bendi ya watu saba ambao wote ni yeye, na kwa hiyo filamu ilipita kwenye kamera mara saba. Halafu kuna ile ya kichwa kinachojazwa upepo kwa mivukuto mpaka kinapasuka. Kichwa hakikukua hata kidogo. Méliès alikaa kwenye kiti cha magurudumu kilichovutwa juu ya mteremko kuelekea kamera, mbele ya pazia jeusi. Sisi tunakuza picha kwa kuvuta vidole viwili kwenye kioo cha simu. Yeye alihitaji reli, watu wa kuvuta, na shingo isiyotikisika.

Safari yake ya mwezini ya mwaka 1902, ya karibu robo saa, ilimpa jina duniani. Ilimpa na hasara. Huko Marekani makampuni, ikiwemo ya Edison, yalitoa nakala zake bila kumlipa, na ikabidi mwaka 1903 amtume ndugu yake Gaston akafungue ofisi New York. Kwa jumla alitengeneza filamu zaidi ya 500. Lakini biashara ilikua ikawa ya viwanda, na yeye akabaki fundi wa karakana. Mwaka 1913 alikuwa ameacha filamu, ana madeni, na mke wake Eugénie alifariki mwaka huo.

Kilichofuata huwa kinaniuma kila nikikisoma. Wakati wa Vita vya Kwanza jeshi lilichukua mamia ya filamu zake zikayeyushwa, na malighafi yake ikatumika kutengeneza visigino vya buti za askari. Mtoto wa kiwanda cha viatu, kazi yake ikakanyagwa. Mwaka 1923 ukumbi wake ulibomolewa kupisha barabara, Montreuil ikapotea, na kwa hasira akazichoma moto filamu asilia zilizobaki. Akamwoa Jehanne d'Alcy, yule yule aliyetoweka kitini mwaka 1896, wakawa wanauza midoli na pipi kwenye kibanda ndani ya stesheni ya Montparnasse. Waandishi wa habari walimgundua pale. Mwaka 1929 akaandaliwa usiku wa heshima, mwaka 1931 akapewa nishani ya taifa, na tarehe 21 Januari 1938 akafariki akiwa na miaka 76.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo maisha haya yanapotugusa sisi. Mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, Waingereza waliunda kitengo cha filamu za makoloni, chini ya William Sellers, aliyekuwa ametengeneza filamu za afya Nigeria. Sellers alifundisha kwamba mtazamaji wa Kiafrika asionyeshwe kiinimacho cha kamera. Picha ziende polepole, kwa mfuatano ulionyooka, bila kurukaruka mahali wala wakati, kwa kuwa eti angechanganyikiwa. Yaani kile alichotazama mtoto wa Paris mwaka 1899 akacheka, mtu mzima wa kwetu alihesabiwa hawezi kukielewa miaka 40 baadaye. Na wakati huohuo Dar es Salaam na Zanzibar watu walikuwa wanajaa kumbi za sinema kutazama filamu za Kihindi na za Kimarekani, wala hakuna aliyepotea njia ya kurudi nyumbani.

Mimi jibu langu kwa Sellers ni bibi yangu mzaa mama, wa kijiji cha upande wa Laela, ambaye hajawahi kuingia ukumbi wa sinema. Binamu yangu alipoolewa aliomba marehemu babu aonekane kwenye video. Nilikuwa na picha yake moja, kasimama shambani kwenye ulezi. Nikaiweka ovalei juu ya ngazi za kanisa, nikaipunguza mwanga mpaka ukungu wa asubuhi wa Ufipa ukaonekana kupita ndani yake, kisha nikaiacha iyeyuke polepole ndani ya uso wa bibi harusi. Bibi hakuuliza mumewe amefikaje pale. Alinyamaza, akafuta macho, akaomba irudiwe, na safari hii ikae zaidi kabla ya kupotea. Mtu aliyeambiwa hataelewa transisheni alinipa maelekezo ya namna ya kuirekebisha, na alikuwa sahihi.

Tangu siku hiyo nimeacha kumwaga transisheni za kuzunguka, kupasuka na kumeremeta kwenye kila klipu kwa sababu tu zimo kwenye programu. Picha inayoyeyuka inamwambia mtazamaji kwamba kati ya hili na lile kuna uhusiano: muda umepita, au mtu amekumbukwa. Kama hakuna uhusiano, kata tu, twende.

Kwetu Ufipa wahunzi wa zamani walijenga malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyoyeyusha chuma bila hata kuvukutwa. Watu waliona maajabu, kumbe ni ufundi. Waliokuwa na ufundi huo walikufa nao, na leo tuna magofu. Filamu za Méliès nazo zimebaki karibu 200 tu, nyingine kwa sababu mtu fulani mahali fulani alihifadhi nakala. Ile ya mwezini yenye rangi za mkono ilipatikana Hispania mwaka 1993, ikatengenezwa upya na kuonyeshwa mwaka 2011.

Kwa hiyo wanachuo wenzangu mnaohariri, msifute klipu ghafi za sendofu na mahafali mara tu mteja akishalipa. Nakili kwenye diski mbili, moja ikae kwa mtu mwingine. Na mdogo wako akikuuliza ile picha ya babu ulifanyaje, mwonyeshe mikono yote miwili.