Paul Robeson: Mchezaji wa 11 aliyefutwa kikosini

Na Mwandishi Wetu

WAPENZI wa kandanda wa Chiola, wilayani Nachingwea, hawatofautiani na wenzao wa Ruangwa, Kariakoo au Magomeni katika jambo moja: kwao mchezaji wa zamani hafi. Atatajwa chini ya mwembe, atatajwa kwenye baraza la kahawa, na bao alilowafunga vijana wa chuo cha jirani litaongezewa umbali kila linaposimuliwa. Namungo ya Ruangwa, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019 na kufika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika katika msimu wa 2020/21, nayo siku moja itakuwa na wazee wake wa kusimulia.

Kumbukumbu za namna hiyo kwa kawaida hazina daftari. Pengine ndiyo sababu ni vigumu kuzifuta, kwa kuwa kinachofutika kwa urahisi ni kile kilichoandikwa. Jambo hilo lilimpata mwanandinga mmoja wa chuo nchini Marekani, ambaye jina lake lilikuwa limechapwa magazetini, likasomwa nchi nzima, kisha miaka 32 baadaye likaondolewa kana kwamba hakuwahi kukanyaga uwanja.

Mtu huyo ni Paul Robeson. Wengi wanamfahamu kama mwimbaji mwenye sauti nzito na mwigizaji wa jukwaani na wa filamu. Wachache wanajua kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mchezaji, na kwamba katika maisha yake alisoma hata Kiswahili.

Alizaliwa Aprili 9, 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake, Mchungaji William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa huko North Carolina, akatoroka akiwa kijana, akajisomesha hadi kuwa mhubiri. Mwaka 1901 mzee huyo aliondolewa katika kanisa alilolihudumia Princeton kwa miaka mingi. Mwaka 1904 mkewe, Maria Louisa, alifariki dunia kwa majeraha ya moto baada ya nguo yake kushika moto. Paul, kitinda mimba, hakuwa ametimiza hata miaka sita. Familia ilihama, ikaishia Somerville, na huko kijana akasoma sekondari chini ya baba ambaye hakukubali mtoto wake ashike nafasi ya pili katika somo lolote.

Mwaka 1915 Robeson alishinda mtihani wa ufadhili wa jimbo zima na kujiunga na Chuo cha Rutgers mjini New Brunswick. Alikuwa mwanafunzi wa tatu mweusi katika historia ya chuo hicho kilichoanzishwa mwaka 1766.

Hapa msomaji anahitaji maelezo kidogo. Mpira wa miguu wa vyuo vya Marekani si kandanda tunayoijua. Ni mchezo wa mpira wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi na kurushwa, huku wachezaji 11 wa kila upande wakigongana miili ili kupata kila hatua ya uwanja. Rutgers ndiko ulikoanzia: mechi ya kwanza kabisa kati ya vyuo viwili ilichezwa New Brunswick Novemba 6, 1869, na Rutgers wakawafunga Princeton 6-4. Ni mchezo ambao Wamarekani huufuata hata baada ya kumaliza chuo, na mzee wa miaka 80 anaweza kukutajia kikosi cha mwaka aliohitimu kama anayetaja majina ya ndugu zake.

Katika chuo chenye historia hiyo, kijana mweusi alikwenda kuomba namba. Siku ya kwanza ya mazoezi wenzake walimpokea kwa ngumi na vifuti. Pua ilivunjika, bega likateguka, akalala kitandani siku 10. Aliporudi, mmoja wao alimkanyaga mkono kwa makusudi kwa viatu vya njumu, kucha zikang'oka. Inasimuliwa kwamba katika mchezo uliofuata Robeson, aliyekuwa na kimo cha zaidi ya futi sita na mwili wa kutisha, alimkamata aliyebeba mpira na kumwinua juu ya kichwa chake, tayari kumbwaga chini. Kocha George Foster Sanford alimwokoa yule aliyeinuliwa kwa kutangaza papo hapo kwamba Robeson amepata namba.

Kupata namba hakukuwa mwisho wa majaribu. Oktoba 1916 Rutgers ilikuwa ikiadhimisha miaka 150, na chuo cha Washington and Lee kutoka Virginia kilialikwa kwa mechi. Wageni walikataa kuingia uwanjani iwapo mchezaji mweusi angepangwa. Uongozi ulikubali sharti hilo, Robeson akakaa nje, na mechi ikaisha kwa sare ya 13-13. Sherehe ya chuo chake mwenyewe aliitazama kutoka pembeni. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, siku hiyo ilieleza mapema namna taasisi kubwa zingekuja kumtendea: zinamtumia anapoleta ushindi, na zinamtoa anapoleta usumbufu.

Ushindi aliuleta kweli. Novemba 1917 Rutgers walikutana na timu ya wanamaji wa akiba wa Newport katika uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn. Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na timu hiyo ya jeshi ilikusanya wachezaji waliokwisha kujizolea sifa katika vyuo vikubwa. Hakuna aliyewapa wanafunzi wa Rutgers nafasi. Walishinda 14-0, na magazeti ya New York yalijaa habari za kijana mmoja aliyeonekana yuko kila mahali, akizuia upande huu na kudaka mipira upande ule.

Mwaka huo waandishi kadhaa wa michezo walimweka katika vikosi vyao vya wachezaji bora wa nchi. Mwaka 1918 naye Walter Camp, mtu aliyehesabiwa kuwa baba wa mchezo huo na ambaye kikosi chake cha mwaka cha wachezaji 11 bora wa Marekani nzima kilisubiriwa kwa hamu, alimteua Robeson katika kikosi cha kwanza. Kwa mchezaji wa chuo hapakuwa na heshima ya juu zaidi.

Ikumbukwe kwamba kijana huyo hakuwa wa mpira mmoja tu. Aliiwakilisha Rutgers pia katika besiboli, mpira wa kikapu na riadha. Darasani aliingizwa katika jumuiya ya heshima ya wanafunzi bora wa taifa, na mwaka 1919 ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba ya mahafali. Wanafunzi wenzake, katika utabiri wa kufurahishana uliokuwa desturi ya darasa linalohitimu, walibashiri kwamba ifikapo mwaka 1940 angekuwa gavana wa New Jersey. Hata hivyo, mwimbaji huyo ambaye baadaye angejaza kumbi za dunia hakusafiri na kwaya ya chuo, kwa kuwa baada ya maonyesho palikuwa na dansi na haikupendeza aonekane huko.

Baada ya Rutgers alisomea sheria Chuo Kikuu cha Columbia. Karo aliisaidia kwa kucheza mpira wa kulipwa, Akron mwaka 1921 na Milwaukee mwaka 1922. Alihitimu mwaka 1923 na kuajiriwa katika ofisi ya mawakili, lakini karani mzungu alipokataa kuandika maneno yanayosomwa na mtu mweusi, Robeson aliaga sheria na kugeukia jukwaa. Kilichofuata kinajulikana: maigizo ya Eugene O'Neill, Show Boat mjini London mwaka 1928, Othello London mwaka 1930, na Othello tena New York kuanzia mwaka 1943, iliyochezwa mara 296.

Kwetu sisi miaka yake ya London ina uzito wa pekee. Katika miaka ya 1933 na 1934 alijiandikisha katika Shule ya Taaluma za Mashariki ya Chuo Kikuu cha London kusoma lugha za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Akawafahamu vijana wa Kiafrika waliokuwa wakiishi huko, miongoni mwao Jomo Kenyatta. Wawili hao walionekana katika filamu moja, Sanders of the River ya mwaka 1935, Robeson akiwa nyota na Kenyatta akiwa mmoja wa waigizaji wadogo waliojaza mandhari. Robeson alitarajia filamu ingeonyesha utamaduni wa Afrika kwa heshima. Ilipotoka ilikuwa ni sifa tupu kwa utawala wa Mwingereza, na aliijutia maisha yake yote.

Yeye mwenyewe hakuwahi kufika Afrika Mashariki. Mkewe Eslanda, aliyesomea elimu ya jamii za watu, alifika Uganda mwaka 1936 akiwa na mtoto wao, na mwaka 1945 akachapisha kitabu juu ya safari hiyo. Robeson naye aliongoza Baraza la Masuala ya Afrika mjini New York, chombo kilichopigania uhuru wa makoloni wakati ambapo Wamarekani wengi hawakuweza kuonyesha Tanganyika kwenye ramani. Kenyatta alipofungwa, Robeson alimtetea katika gazeti lake la Freedom. Wakazi wa Nachingwea, ambako wapiganaji wa FRELIMO walikuja kuwa na kambi ya mafunzo, wanaelewa thamani ya mtu anayesimama nawe kabla haijawa fasheni.

Msimamo huo ulimgharimu. Robeson aliipenda Urusi ya Kisovyeti, ambako alisema alitendewa kama binadamu, na vita baridi ilipoanza alikataa kuikana. Hapa wanaomsifu hupenda kupita haraka: akiwa Marekani hakutaka kusema hadharani neno lolote baya juu ya ukandamizaji wa Stalin, hata pale ambapo marafiki zake wa Moscow walikuwa wakikamatwa. Ni doa, na halina sababu ya kufichwa. Lakini adhabu aliyopewa haikuhusu doa hilo peke yake. Mwaka 1949 watu waliohudhuria onyesho lake Peekskill, New York, walipigwa mawe. Mwaka 1950 serikali ilimnyang'anya pasipoti, na katika maelezo yaliyowasilishwa mahakamani maofisa walitaja pia harakati zake za miaka mingi za kutetea uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika.

Kumbi zikafungwa, redio zikanyamaza. Ndipo pia mpira ukamgeukia. Mwaka 1950 kilichapishwa kitabu kikubwa cha kumbukumbu za mpira wa vyuo, kilichojinadi kuwa kamili kuliko vyote. Katika ukurasa wa kikosi bora cha mwaka 1918 palikuwa na majina 10 tu, katika mchezo unaochezwa na watu 11. Mhariri hakujisumbua hata kuweka mtu mwingine katika nafasi iliyoachwa wazi.

Ni kosa la ajabu, kwa sababu linajifichua lenyewe. Mtoto yeyote anayejua kuhesabu angeuliza yuko wapi wa 11. Na waliokuwa Ebbets Field mwaka 1917 walikuwa bado hai, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 50 na kitu, umri ambao mtu ndiyo kwanza anaanza kunogewa na hadithi za ujana wake. Hao hawakuhitaji kitabu kuwaambia nani alicheza.

Mwaka 1951 Ukumbi wa Mashujaa wa mpira wa vyuo ulipokea kundi lake la kwanza. Robeson hakuwamo. Hakuwamo mwaka uliofuata, wala miaka 40 iliyofuata, ingawa wachezaji wenye rekodi ndogo kuliko yake waliingia mmoja baada ya mwingine.

Yeye aliendelea kuimba kwa njia alizoweza. Mwaka 1952 alisimama kwenye mpaka na Canada, upande wa Marekani, na kuwaimbia maelfu waliokuja kumsikiliza. Mwaka 1957 aliwaimbia wachimba makaa wa Wales kwa njia ya simu iliyovuka bahari, wao wakiwa ukumbini Porthcawl, yeye New York. Mwaka 1958 alirudishiwa pasipoti baada ya Mahakama Kuu kuamua kwamba serikali haina haki ya kumnyima mtu hati ya kusafiria kwa sababu ya imani yake ya kisiasa. Alisafiri, akashangiliwa, lakini kuanzia mwaka 1961 afya yake ilivunjika. Eslanda alifariki mwaka 1965. Miaka ya mwisho aliishi kimya Philadelphia kwa dada yake Marian, na Aprili 1973 marafiki walipojaza Carnegie Hall kumwadhimisha kwa kutimiza miaka 75, hakuweza kuhudhuria. Alituma salamu zilizorekodiwa. Alifariki dunia Januari 23, 1976. Ibada ya maziko ilifanyika Harlem, katika kanisa ambalo kaka yake Ben aliliongoza kwa miaka mingi.

Ukumbi wa Mashujaa ulimpokea mwaka 1995, akiwa amekufa miaka 19. Aprili 2019, miaka 100 baada ya mahafali yake, Rutgers ilifungua uwanja wa mapumziko wenye jina lake New Brunswick, kwa mchango wa wahitimu wa mwaka 1971. Hao walizaliwa karibu na wakati kile kitabu kilipotoka, na hakuna hata mmoja wao aliyemwona akicheza.