Kazadi Mwamba, golikipa aliyebebeshwa mzigo wa 9 kwa 0

Wazee wa mpira wakiongelea Zaïre ya 1974, hapa Kisangani sawa vile Goma ao Bukavu, wanarudilia hesabu moja: Yugoslavia 9, Zaïre 0. Na jina linalofuata ni la golikipa, Kazadi Mwamba. Lakini kati ya magoli hayo 9, yeye alifungwa 3 tu.

Kazadi alizaliwa 1947 kule Lubumbashi, wakati mji uliitwa Elisabethville. Alichezea TP Englebert, njo TP Mazembe ya leo. Mwaka 1968, kule Addis Ababa, alisimama golini siku Kongo ilipiga Ghana 1 kwa 0 na kubeba kombe la Afrika. Ghana walikuwa wamelibeba mara mbili mfululizo. Mwezi wa 3, 1974, kule Cairo, akalibeba tena: fainali na Zambia ilirudiliwa, 2-2 kisha 2-0.

Mwezi wa 6, Ujerumani, kombe la dunia. Scotland ilitupiga 2 kwa 0, hakuna aliyeona haya. Kisha ikaja Yugoslavia. Wachezaji wetu walikuwa na hasira juu ya pesa zao. Magoli 3 yakaingia haraka. Dakika ya 21, kocha Vidinić, mwenyewe golikipa wa zamani wa Yugoslavia, akamtoa Kazadi na kuingiza Tubilandu. La 4 likaingia palepale. Ndaye Mulamba akapewa kadi nyekundu, hata kama aliyempiga mwamuzi teke ni mwenzake. Tukabaki 10 uwanjani.

Siku 4 nyuma, Kazadi alirudi golini mbele ya Brazil. Brazil ilihitaji ushindi wa magoli 3 ili kupita Scotland. Mpaka dakika ya 78 ilikuwa 2 tu. Dakika ya 79, Valdomiro akapiga, mpira ukamponyoka Kazadi, ukaingia. Scotland wakarudi kwao bila kupigwa hata mechi moja. Golikipa wao David Harvey alifungwa goli moja tu kwa mechi 3.

Kazadi alifariki miaka ya 1990. Golikipa wanamkumbuka kwa mpira uliomponyoka, haiko kwa ile aliyoshika. Tukihesabu, basi tuhesabu yote: makombe 2 ya Afrika nayo yalipita kwa mikono yake.