Padri wa Sydney aliyejua umri wa makaa ya mawe

Hapa Sydney, ukitaja makaa ya mawe, mimi humkumbuka Padri William Branwhite Clarke. Alizaliwa Uingereza 1798, akasoma Cambridge kwa mwalimu Adam Sedgwick, akahamia huku 1839. Tangu 1846 mpaka 1870 alihudumu kanisa la St Thomas, North Sydney, na huku akichunguza mawe ya nchi nzima.

Wengi humjua kwa dhahabu: aliiona 1841, na 1844 alipomwonesha Gavana Gipps akaambiwa aifiche. Mimi naona kubwa zaidi ni ule ubishi wake wa makaa.

Clarke alimpelekea Sedgwick visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe. Frederick McCoy akavichunguza, na 1847 akatoa hukumu: majani yaliyomo ni kama yale ya zama za Jurasiki, basi na makaa ni ya zama hizo. Clarke akakataa katakata. Matabaka ya mawe ni kama chapati kwenye sahani, ya chini ndiyo iliyotangulia kupikwa. Na kule bonde la Hunter, juu ya makaa mlikuwa na makombe ya bahari ya kale mno. Vipi basi makaa yawe machanga kuliko makombe yaliyoyafunika? Wakabishana miaka na miaka.

Shahidi mzuri wa Jurasiki ni amonaiti, jamaa wa pweza na ngisi, gamba lake limejikunja kama pembe ya kondoo. Walienea bahari nyingi, na kila aina iliishi muda mfupi tu; ukikuta aina moja nchi mbili, mawe yake ni rika moja. Amonaiti hao walipatikana Australia Magharibi, na 1870 Charles Moore akawalinganisha na wa Uingereza. Hata nyuma ya Mombasa wapo, nao wanashabihiana na wa Kachchh, India.

Clarke alifariki 1878. Mkusanyiko wake, serikali ikiwa imeshaununua, uliteketea kwa moto wa Garden Palace 1882. Visukuku viliungua, lakini haki ilikuwa yake: leo yajulikana makaa yale yalikwishakuwepo miaka kama milioni 50 kabla Jurasiki haijaanza.