Denis Pritt, wakili wa walioshtakiwa

Katika ukurasa wetu wa maisha ya watu mashuhuri, safari hii tunawaletea habari za Denis Nowell Pritt, wakili Mwingereza aliyewatetea Jomo Kenyatta na Julius Nyerere. Tumemchagua kwa sababu ya swali ambalo wengi wetu tuliotoka Palma, Mocímboa da Praia, Quissanga na Macomia tunaulizana: mtu akishtakiwa kwa mambo kama yale yaliyotutoa majumbani mwetu, ya nini kumpa wakili?

Pritt alizaliwa London tarehe 22 Septemba 1887. Alianza uwakili mwaka 1909, na kuanzia 1935 hadi 1950 alikuwa pia mbunge. Alijulikana kwa kuwatetea watu ambao serikali haikuwapenda. Ho Chi Minh, aliyekuja kuwa rais wa Vietnam, alipokamatwa Hong Kong mwaka 1931, Pritt ndiye aliyesimamia rufaa yake London.

Kesi iliyomtangaza Afrika Mashariki ni ile ya Kapenguria. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza hali ya hatari na kumkamata Kenyatta. Alishtakiwa pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko kwamba wao ndio walioongoza Mau Mau. Nchi ilikuwa na hofu. Watu walikuwa wameuawa, na wengi walitaka hukumu ya haraka.

Kesi ilipelekwa Kapenguria, mbali kabisa na Nairobi, mahali ambapo hapakuwa hata na hoteli. Mawakili walilala Kitale. Pritt alikuwa na wenzake Waafrika na Wahindi, na kwa sheria za ubaguzi za wakati ule hawakuruhusiwa hata kula pamoja hotelini. Alipotuma simu ya maandishi kwa wabunge London kueleza kwamba haki inanyimwa, yeye mwenyewe alishtakiwa kwa kuidharau mahakama. Akashinda kesi hiyo, akarudi kuendelea na kazi.

Jambo moja tulitazame kwa makini. Mkalimani wa mahakama alikuwa Louis Leakey, ambaye alikuwa ameandika kitabu cha kuipinga Mau Mau. Upande wa utetezi ulilalamika juu ya ukalimani wake, naye akaondoka. Sisi tunaosema Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, na kusikilizwa mahakamani kwa Kireno, tunaelewa vizuri uzito wa jambo hilo. Neno moja likifasiriwa vibaya, mtu anaweza kufungwa.

Pritt alishindwa. Tarehe 8 Aprili 1953 hakimu Ransley Thacker aliwahukumu wote sita kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Mwaka 1954 Oneko alishinda rufaa, lakini serikali ikaendelea kumweka kizuizini.

Je, utetezi ule ulikuwa wa bure? Hapana. Mwaka 1958 shahidi mkuu, Rawson Macharia, aliapa kwamba alitoa ushahidi wa uongo kwa kuahidiwa malipo, yakiwemo masomo Uingereza. Baadaye ilijulikana pia kwamba hakimu Thacker alilipwa pauni 20,000. Mambo hayo yalipotoka, kumbukumbu za kesi zilikuwepo, na maswali ya Pritt yalikuwa yameandikwa humo. Kenyatta aliachiwa mwaka 1961, na mwaka 1963 akawa waziri mkuu.

Mwaka huohuo wa 1958 Pritt alikuja Dar es Salaam kumtetea Mwalimu Nyerere, aliyeshtakiwa kwa kuwakashifu maafisa wa serikali katika gazeti la TANU. Nyerere alitozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Akalipa faini, akaendelea na kazi ya uhuru.

Lakini Pritt hakuwa malaika. Mwaka 1936 alihudhuria kesi ya wapinzani wa Stalin kule Moscow, akaandika kwamba kesi ile ilikuwa ya haki. Washtakiwa wale waliuawa. Mwaka 1988 mahakama kuu ya nchi hiyohiyo ilisema hawakuwa na hatia. Mtu aliyejua kuuliza maswali Kapenguria hakuyauliza mahali ambapo watawala walikuwa rafiki zake. Hilo ni onyo kwetu sote. Haki ya kusikilizwa haiwezi kuwa ya watu tunaowapenda tu.

Turudi kwetu. Mwaka 2018 watu zaidi ya 180 walifikishwa mahakamani Pemba kwa pamoja kwa ajili ya mashambulizi yaliyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Wengine walipatikana na hatia, wengine waliachiwa huru. Bila kesi, tungewatambuaje? Wenye makosa wahukumiwe, nasi tuna haki ya kulidai hilo. Lakini mtoto wa jirani akifungwa kwa kusingiziwa, aliyechoma nyumba zetu bado anatembea.

Katiba ya Msumbiji ya 2004 inasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka mahakama iamue, na asiye na fedha apewe msaada wa sheria. Kazi hiyo ni ya IPAJ, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1994. Ndugu yako akikamatwa, uliza amewekwa wapi, uliza IPAJ wanapatikana wapi, na omba mkalimani wa lugha yake. Tukumbuke kwamba Nikodemo naye alisimama mbele ya wakubwa akauliza kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza.

Denis Pritt alifariki tarehe 23 Mei 1972, akiwa na umri wa miaka 84. Tuwaombee walio mahabusu, tuwaombee waliodhulumiwa, na tuwaombee mahakimu wetu. Mungu atubariki sote.