Florence Nightingale: Mwanamama aliyetetea muda wa muuguzi

Kila tarehe 12 Mei wauguzi duniani kote huadhimisha siku yao. Ndiyo siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820, katika mji wa Florence, Italia, wazazi wake Waingereza wakiwa safarini. Wengi tunamjua kwa taa aliyotembea nayo usiku kati ya vitanda vya majeruhi. Mimi leo nataka kumweleza kwa jambo lisilotajwa sana: alijali saa za muuguzi zinapotelea wapi.

Kwao kulikuwa na mali, na zama zile uuguzi ulidharauliwa. Jamaa zake walimpinga kwa miaka mingi, lakini hakukata tamaa. Mwaka 1851 alikwenda Kaiserswerth, Ujerumani, akajifunza kwa miezi mitatu. Agosti 1853 alikabidhiwa hospitali ndogo ya wanawake katika mtaa wa Harley, London, akiifanya kazi hiyo bila mshahara.

Jengo lilikuwa la ghorofa. Bibi huyo alidai mabomba ya kupandisha maji ya moto kila ghorofa, lifti ya kupandishia chakula, na kengele zenye alama ya kuonyesha ni mgonjwa gani ameita. Aliona kwamba bila hayo muuguzi atashinda kwenye ngazi badala ya kuwa kando ya kitanda. Ndugu zangu wa biashara ya mpakani mtanielewa upesi: anayeshinda kwenye foleni ya kugongewa muhuri hana muda wa kuuza.

Novemba 1854 alifika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, pamoja na wauguzi 38, kuwahudumia askari wa vita ya Crimea. Alikuta uchafu na uhaba wa kila kitu. Akaanzisha jiko la chakula cha wagonjwa na mahali pa kufulia. Hata hivyo vifo vilizidi, mpaka Machi 1855 tume ya usafi ilipoanza kusafisha mifereji ya maji machafu na kuingiza hewa majengoni. Aliporudi kwao mwaka 1856 alionyesha kwa takwimu kwamba maradhi yaliua askari wengi kuliko silaha za adui.

Mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas, London. Aliandika kwamba wodi iwe na vitanda 30 hivi, msimamizi awaone wagonjwa wote, na kazi ipangwe ili inayofanyika akiwapo ifanyike pia asipokuwapo. Alifariki 13 Agosti 1910, akiwa na miaka 90.

Mimi nimemuuguza ndugu yangu katika wodi ambamo muuguzi mmoja wa zamu alifuata dawa stoo, akajaza madaftari, akamtafuta daktari na kusaka maji. Kupika na kufua tulifanya sisi jamaa. Mliorudi kutoka kambini mnayajua hayo. Mgonjwa alipobadilika, aliyegundua kwanza alikuwa jirani wa kitandani.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hatujamwita muuguzi mvivu, tuulize: maji yako wapi, dawa ziko wapi, na yeye ana wagonjwa wangapi?