Habari za Maisha ya Adam Smith

Katika midahalo ya shule yetu, kila inapotokea mada ya biashara, jina la Adam Smith halikosi kutajwa. Upande mmoja humsifu kwamba ndiye aliyefundisha kuwa serikali iwaachie watu wafanye biashara wapendavyo. Upande wa pili humlaumu kwa jambo lilo hilo. Mimi nimezisoma habari za maisha yake katika maktaba yetu, nikaona kuwa pande zote mbili zinamjua nusu tu. Basi nimemwomba Mhariri nafasi kidogo niwasimulie habari za mtu huyu.

Adam Smith alizaliwa Kirkcaldy, mji mdogo wa bandari katika Scotland, akabatizwa tarehe 5 Juni, 1723. Baba yake, aliyekuwa ofisa wa forodha, alifariki miezi michache kabla mtoto hajazaliwa. Alilelewa na mama yake, Margaret Douglas, nao walipendana mno. Smith hakuoa maisha yake yote, na mama huyo hakuachana naye moyoni mpaka alipofariki mwaka 1784.

Alipokuwa na umri wa miaka 14 aliingia Chuo Kikuu cha Glasgow, na mwaka 1740 akapelekwa Oxford, akakaa huko miaka sita. Huko aliona jambo ambalo hakulisahau: waalimu wengi walipata mishahara yao wafundishe wasifundishe, na kwa hiyo waliacha kufundisha. (Waalimu wetu wasinikasirikie, hayo ni mambo ya Oxford ya zamani.)

Mwaka 1751 alifanywa profesa katika Glasgow. Huko wanafunzi walimlipa ada mwalimu wao kwa mkono wao wenyewe. Husimuliwa kuwa alipoacha kazi hiyo katikati ya masomo, mwaka 1764, alitaka kumrudishia kila mwanafunzi ada yake. Wanafunzi walikataa kwa kuwa walimpenda, lakini yeye alishikilia kwamba mtu asipokee malipo ya kazi ambayo hakuimaliza, akawatilia fedha mifukoni kwa nguvu.

Aliacha kazi ili afuatane na kijana wa kikabaila, Duke wa Buccleuch, katika safari ya Ufaransa. Huko alizungumza na wataalamu waliotaka biashara ya nafaka ifunguliwe. Aliporudi alikaa kwa mama yake Kirkcaldy miaka kadhaa akiandika, na mwezi wa Machi 1776 kikatoka kitabu chake kikubwa juu ya utajiri wa mataifa.

Katika kitabu hicho alieleza habari za karakana ya pini. Mtu mmoja asiye fundi, akifanya kila kitu peke yake, huenda asimalize hata pini 20 kwa siku. Lakini watu 10 waliogawana kazi, huyu avute waya, huyu akate, huyu achonge ncha, waliweza kutengeneza pini 48,000 kwa siku. Ndipo akasema kuwa watu wakiachiwa kugawana kazi na kubadilishana mali kwa hiari, nchi hutajirika. Alizipinga sheria za zamani zilizomzuia mtu kufanya kazi ya ufundi mpaka amalize miaka saba ya uanagenzi, na zile zilizomzuia maskini kuhamia mahali penye kazi.

Hiyo ndiyo nusu inayojulikana. Nusu ya pili ni hii.

Smith hakuwaamini wafanyabiashara kwa upofu. Alionya kuwa wenye mali wa kazi moja hawakosi kupatana kwa siri, ama wapandishe bei, ama washushe mishahara. Aliunga mkono sheria iliyowalazimisha waajiri kuwalipa wafanyakazi kwa fedha, si kwa bidhaa zilizopandishwa bei.

Nilipofika hapo nilikumbuka nyumbani. Baba yangu hulima viazi. Wanunuzi hufika shambani wakitaka lumbesa, yaani gunia lililojazwa mpaka likaota kichwa cha pili, kwa bei ile ile ya gunia moja. Baba akikataa peke yake, mnunuzi hupanda gari akaenda kwa jirani. Je, huo ni uhuru? Mkulima yu huru kukataa, lakini viazi vitaoza. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, na pale inaposimamiwa haimwambii mtu auze kwa bei gani. Yasema tu kwamba mizani iwe moja kwa wote, kisha wapatane. Naona sheria ya namna hiyo haiui biashara, bali huilinda.

Smith naye alijifunza hayo kwa msiba wa nchi yake. Mwaka 1769 ilifunguliwa benki katika mji wa Ayr, na yule Duke aliyekuwa mwanafunzi wake alikuwa miongoni mwa wenye hisa. Benki hiyo ilikopesha ovyo na kutoa noti nyingi kupita kiasi, na mwaka 1772 ikaanguka. Benki nyingine za Edinburgh zikaanguka pia, na wenye hisa wakauza mashamba yao kulipa madeni. Baada ya hayo Smith aliandika kwamba noti za kiasi kidogo zikatazwe, kwa kuwa benki dhaifu ikifa noti hizo hubaki mikononi mwa maskini. Alikiri kuwa katazo hilo linapunguza uhuru wa mwenye benki. Lakini alilifananisha na sheria ya kujenga kuta imara baina ya nyumba na nyumba ili moto usienee. Uhuru wa wachache usiwe hatari kwa mji mzima.

Hata hivyo hakusema kila sheria ni njema. Aliilaumu Kampuni ya India ya Mashariki, iliyokuwa mfanyabiashara na mtawala kwa wakati mmoja. Aliona kuwa amri mbaya za watumishi wake juu ya biashara ya mchele huenda zilichangia kugeuza uhaba kuwa njaa kuu katika Bengal, mwaka 1770. Kwa hiyo kila alipoiona sheria aliuliza: yamlinda nani? Kadhalika alitaka serikali ilinde nchi, itoe haki, ijenge barabara na madaraja, na isaidie shule za watoto wa maskini.

Mwaka 1778 alipewa kazi ya ukamishna wa forodha katika Edinburgh. Naam, yule mtetezi wa biashara huru akawa msimamizi wa ushuru! Aliposoma orodha ya bidhaa zilizokatazwa, alizikagua nguo zake mwenyewe, akakuta kuwa karibu tai zote na leso zake zote zimo katika orodha. Alizichoma moto zote. Aliiona sheria ile kuwa ya kipuuzi, na alipigania ibadilishwe, lakini maadamu ilikuwa sheria aliitii.

Alifariki Edinburgh tarehe 17 Julai, 1790, akazikwa katika ua wa kanisa la Canongate. Mali aliyoiacha ilikuwa ndogo kuliko watu walivyodhani, maana nyingi alikuwa ameitoa sadaka kwa siri.

Ndugu zangu wa Kidato cha Nne, karibu tutatawanyika. Wengine watafungua maduka, wengine watakaa ofisini wakitoa leseni. Mwenye duka akumbuke kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na mwenye kalamu ya serikali, kabla ya kuandika katazo, ajiulize kama anajenga ukuta wa kuzuia moto au anafunga mlango wa mtu anayetafuta riziki yake.